Kipimo cha Kavuo

Butembo, le 4 février 2001

Yaya Hulda,

Wabukire. Salamu kwako, kwa mama yako, na kwa bote banaouza samaki pembeni yenu. Nilifika salama na ile camionnette ya Mbusa. Alinikalisha nyuma, katikati ya vikapo vya samaki ya chumvi ya Kyavinyonge, na mpaka leo uniforme yangu inanuka. Banafunzi benzangu banasogeza viti. Miye nasema ndani ya roho: muzuri, basogee.

Uliniambia mule salle ya bagonjwa kusema nikikosa kinywa, nitumie kalamu. Donc natumia kalamu. Tulilala vitanda viwili vya kufuatana karibu mwezi muzima, na naona ni weye ulisema maneno yote, ya kwako na ya kwangu. Munganga akiuliza Kavuo amelala namna gani, unajibu weye. Huku hakuna mutu wa kunijibia.

Nikupe habari ya ugonjwa. Si nzuri, yaya. Docta Kahongya alitukuta na kitu moja siye wawili: mafigo inaachilia albumine ya damu inatoka na mukojo, na maji inabaki ndani ya mwili. Uzito wetu ulikuwa karibu sawa, akatuandikia prednisolone sawasawa, vidonge kumi na mbili kila asubui. Akatupa kila mumoja kachupa kembamba ka kuchemshia mukojo juu ya mushumaa. Ikibaki safi, dawa inafanya kazi. Ikigeuka nyeupe sawa yai, bado. Ya kwako ilianza kusafika mbele nitoke Beni. Ya kwangu ni yai kila siku. Asubui macho haifunguke muzuri, na nikivua soksi alama yake inabaki mu muguu mpaka saa ya kula.

Na dawa nameza yote. Shida ni tumbo, inawaka moto nyuma ya vidonge. Ile udongo nyeupe uliyonipa siku ya kuondoka ndiyo inaniokoa. Tantine Marie-Jeanne, dada ya tata, ambaye nakaa kwake, anaikoroga mu kikombe ya maji, na nameza vidonge nayo palepale. Bila udongo yako ningetapika vyote. Aksanti tena.

Sasa neno moja ambalo siambii mutu. Tantine akiuliza kama mukojo umesafika, najibu ndiyo. Nachemsha nyuma ya choo, naangalia, namwaga mbio. Ni juu tata alituma habari toka Manguredjipa, kule anatafuta zahabu: kama ugonjwa hauishe, niache masomo niende kukaa na mukaka, mama yake, kijijini, nipumuzike. Kupumuzika kule ni kulima. Niko mu quatrième ya sekondari, yaya. Nikitoka sasa sitarudia tena.

Ni huruma tu nakuomba, hapana kumwambia Docta.

Mudogo wako,
Kavuo Emérence


Beni, le 13/2/2001

Kavuo, mama wa kimya,

Barua yako ilifika imelowa maji ya samaki, mama akasema heri tuikaange. Nimeisoma mara mbili. Ulisema mingi kuliko mwezi muzima wa kitanda. Nilijua tu kusema ndani yako kuko mutu.

Miye niko safi. Kachupa kanabaki sawa maji ya chemchem. Muguu umekuwa muguu. Lakini uso! Mashavu imejaa mpaka macho inachungulia kama mutu nyuma ya pazia. Docta anasema ni dawa, si ugonjwa, itapungua siku dawa itapungua. Bateja banamuuliza mama kama mutoto ndiye anakula samaki mbele ya kuuza. Na ni kweli nakula. Njaa ya hii dawa ni ya askari. Jana nilikula vichwa vya samaki ngege ya bateja watatu, na nilimutukana mwanamuke mumoja juu alisema bei yetu si ya bantu ba kanisa. Mama yangu ni bibi ya pasta, unamujua, alinifukuza pale mezani mbele ya bote.

Sasa kasirika kama unataka: nilimwambia Docta. Alikuja mwenyewe kununua samaki, akauliza «rafiki yako wa Butembo yuko namna gani?» Ulitaka nijibu nini? Miye si weye, kinywa yangu haina mulango. Aliacha samaki akaketi kwenye kiti ya mama. Akasema kama mpaka Pasaka mafigo yako haijasikia dawa, atalazimika kuikata, juu kuendelea nayo bila faida ni kukuharibu tu. Na nyuma ya ile hana dawa ingine huku. Anasema Kampala kuko. Lakini ni nani atapita mupaka wa Kasindi na mugonjwa saa hii ya vita, na kwa njia gani.

Anapandisha kipimo. Iko mu karatasi yake, nimeitia pamoja na hii. Na nikuonye: anauliza kama unameza kweli. Nilimwambia, ule musichana hawezi kukataa ata chai asiyopenda, namna gani atakataa dawa? Hakucheka.

Mwambie tantine yako ukweli. Uongo wa choo hauponye mafigo.

Yaya wako,
Hulda


Beni, le 13 février 2001

Mademoiselle Kavuo,

Nasikia kwa Hulda kwamba albumine bado iko nyingi. Kuanzia sasa utameza vidonge kumi na sita asubui, baada ya kula, si mbele. Endelea kuchemsha mukojo na kuniandikia ukweli, ata kama ni mubaya.

Nakuuliza tena jambo moja kwa upole. Kuko bagonjwa, zaidi basichana, banaotupa vidonge juu ya uso kuvimba ao juu ya tumbo kuuma. Kama unafanya vile, sitakukasirikia. Nahitaji tu kujua. Dawa ambayo haiingie mu damu, siwezi kuihesabu. Nikifikiri imeingia na haikuingia, nitachukua uamuzi mubaya juu yako.

Hapana kuacha ghafula. Mwili unazoea dawa hii. Ukiikata siku moja unaweza kuanguka.

Dr Kahongya


Butembo, le 11 mars 2001

Yaya Hulda,

Sikuandika mbio juu nilikuwa na uchungu. Kwanza sikutaka kukuandikia tena kamwe. Kisha nikaona sina mutu mwingine. Donc nimekusamehe, ata kama hukuomba.

Mwambie Docta mbele ya yote: nameza. Nilisoma ile karatasi yake nikiwa mu kiwanja ya masomo, na machozi ikatoka mbele ya bantu. Tantine alipoiona, nilimwambia yote, ata ya choo. Alikaa chini. Nilingoja anipige. Alisema tu kusema uongo nilioongea ni wa mutoto, lakini hofu ilikuwa ya mutu mukubwa, na hakutuma habari kwa tata. Sasa kila asubui anasimama mbele yangu. Nameza, nafungua mudomo, nainua ulimi, anaangalia chini yake kama anayetafuta hirizi. Nikimaliza anafanya alama ya musalaba. Hakuna kidonge ata kimoja kilichopotea.

Na bado ni yai, Hulda.

Vidonge kumi na sita, na hakuna kitu. Ata uso haukuwa mviringo kama wa kwako. Uko tu mutepetevu, ni maji, si dawa. Sina ile njaa unayosema. Miye nilifikiri, kama dawa inakufanya weye ule vichwa vya samaki na kutukana bantu, na miye inanipita kama mugeni asiyesimama, basi mwili wangu umeshakataa. Mule salle nilisikia Docta anaita vile kwa Kifaransa, nikatafuta lile neno mu dictionnaire ya masomo, hakuna kitu kuko. Nikauliza Professeur Lusenge neno corticorésistant maana yake ni nini. Niliandika mu karatasi nikamupa, sikuweza kulisema. Aliangalia karatasi, aliangalia uso wangu, akasema nikae mbele karibu na dirisha, kwenye hewa.

Tumbo ndiyo imezidi kuwaka tangu vidonge vilipozidi. Tantine ameongeza udongo: vikombe viwili sasa, kimoja na vidonge, kimoja nyuma yake, vizito sawa uji. Ananunua sokoni kwa mama wa Lubero, ileile ya kwako. Nikikunywa, moto unazima palepale na naenda masomoni.

Juzi hatukusoma. Risasi zilisikika upande wa Rughenda, kwenye kiwanja ya ndege, na préfet, mukubwa wa masomo, akatufukuza nyumbani. Bantu banakimbia, na miye na hii miguu sikuweza. Nilitembea polepole katikati ya barabara tupu. Naogopa Pasaka kuliko risasi. Mwambie Docta aningojee kidogo tena. Mwambie vizuri, kwa ile kinywa yako.

Kavuo


Beni, le 17/3/2001

Kavuo,

ACHA UDONGO. Leo. Mbele ya kumaliza kusoma barua hii. Mbusa anangoja na moteur inalia, donc naandika vibaya.

Nilipeleka barua yako kwa Docta, nikamusomea kwa sauti mu bureau yake. Alikuwa anaandika kitu kingine. Nilipofika kwenye vikombe viwili akainua kichwa: «Vikombe vya nini?» Nikasema vya udongo, Docta, ule mweupe wa sokoni, basichana bote banakula, miye ndiye nilimupa. Akaniomba nisome tena pale pa «kimoja na vidonge, kimoja nyuma yake». Nikasoma. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama na miye nakula. Nikaona aibu, nikasema ndiyo. Saa gani? Nikasema mangaribi, sokoni, juu mama hataki nile udongo nyumbani, anasema bibi ya pasta hawezi kuzaa mutoto anayelamba ukuta. Asubui nameza dawa na uji, mbele yake. Udongo unakuja wakati jua linashuka.

«Basi kwako dawa na udongo hazikukutana,» akasema. «Kwake zinakutana kila siku.»

Alieleza hivi, naandika vile nilisikia: udongo unakamata vitu ndani ya tumbo. Ndiyo maana unazima moto, unafunika. Lakini unaweza kukamata na vidonge vilevile, ukapita navyo mpaka choo. Anasema hana uhakika ni kiasi gani, hakuna mutu aliyepima kwenye udongo wa Lubero. Na anasema ata bila udongo, matumbo ya bantu hayafanane. Tumbo iliyovimba maji kama yako inakunywa dawa vibaya kuliko ya kwangu. Alitupa siye wawili hesabu moja juu ya karatasi, lakini ndani ya damu hesabu ni mbili. Kisha alisema kitu sikutegemea kwa docta. Alisema angepaswa kukuuliza unameza na nini, yeye aliuliza tu kama unameza.

Fanya hivi. Vidonge baada ya uji muzito, bila udongo, siku nzima bila udongo. Moto ukiwaka, kula kidogo tena. Anakutumia na dawa ya tumbo, ya kumeza mangaribi tu, mbali na ile ingine. Na sikia vizuri: mukojo ukianza tu kusafika, urudi kwenye kumi na mbili, juu kumi na sita iliandikwa kwa tumbo yenye udongo. Utuandikie palepale.

Ni miye nilikutia ule udongo mu sakoshi. Nilikuwa nafikiri nakupa zawadi.

Hulda


Butembo, le 8 avril 2001

Hulda!

Habari ni nyingi mpaka sijui nianze wapi, donc naanza na ya mukojo, nisamehe: NI SAFI. Safi kama yako, safi kama maji ya kubatiza. Nilikuandikia mara mbili, karatasi zikarudi, Mbusa alisema njia imekatwa na bapiganaji ba Mai-Mai na hakuna gari linalopita. Nilikuambia mule kusema siku ya kwanza bila udongo tumbo iliwaka nikalia, siku ya pili kidogo, na kisha, yaya, nilikojoa! Nilikojoa kama ng'ombe, nilitoka mu darasa mpaka Professeur Lusenge akaniambia nikae mulangoni. Miguu imerudia. Viatu vinapwaya. Tantine alichemsha mwenyewe kale kachupa, akakainua juu ya jua, akakabusu. Nikamwambia tantine, ni mukojo ule. Akasema najua.

Na si ile tu. Hulda, NASEMA. Kinywa imefunguka. Mu darasa nilinyanyua mukono, miye Kavuo, nikamwambia Professeur Lusenge alikosea jina ya muto mu carte ya géographie. Kwaya walikosa mutu wa kuanzisha Gloria, nikaanzisha. Niliambia préfet mbele ya banafunzi bote kusema si haki tubebe matofali ya ukuta wake kila Samedi. Kwenye barrière ya askari barabarani, pale bantu bote banashusha macho, mumoja alitaka kufungua sakoshi yangu, nikamupigia kelele kwa Lingala, «ni maharagwe, yo, unaogopa maharagwe?» Benzake bakacheka. Yeye aliniangalia wakati mrefu. Kisha aliniacha nipite.

Nakula kila kitu. Nafua nguo za nyumba nzima mbele jua litoke, juu usingizi hauji na sitaki uje. Mikono inatetemeka kidogo, utaona kwa herufi. Mashavu inakuja. Sijali mashavu.

Sasa sikia siri. Sikurudi kwenye kumi na mbili. Niko bado kwenye kumi na sita, na najua ulisema. Lakini fikiria, yaya. Maisha yangu yote nilikuwa nyuma ya mulango, nasikia bantu banasema ndani. Sasa niko ndani. Kama ni kumi na sita inayonipa kinywa, namna gani niiache? Nirudie kuwa yule anayeandika mu karatasi ndogo? Mukojo ni safi, hakuna mutu anayeumia. Hapana kumwambia Docta. Safari hii kweli, hapana.

Kavuo, mama wa maneno


Beni, le 12/4/2001

Mudogo,

Nimemwambia. Unajua vile niko.

Barua yako nilianza kuisoma nikicheka, na mama anacheka. Tulipofika kwenye askari, mama akaacha kucheka. Akasema huyu si Kavuo, na hii si ujasiri. Nikakimbia mpaka kwa Docta na aproni yangu ya samaki.

Hakukasirika. Alifurahi kwanza juu ya mukojo, alitembea mu bureau anarudia «elle répond, elle répond», mwili wako umeitika dawa. Kisha akasoma herufi zako zinazotetemeka. Alisema hivi: zamani ulimeza mingi ikaingia kidogo. Sasa unameza ileile na inaingia yote. Ni kama mutu aliyezoea kupiga kelele mu upepo, upepo unaacha na yeye bado anapiga kelele. Kutolala, kutetemeka, kukosa kuogopa, ni dawa imepita kipimo. Ikiendelea itagusa damu yako, mifupa, na kichwa. Anasema aliona mumoja aliyefika kusikia sauti. Na anasema: ule askari hajui kusema ni prednisolone inamutukana. Atapiga musichana tu.

Ushuke. Kumi na mbili kesho, kisha polepole vile ameandika chini, hapana kuruka. Atatafuta kidogo kabisa inayokulinda. Anasema hajui bado ni ngapi, utamwonyesha weye na kachupa kako. Ya kwangu imeshajulikana, ni sita. Nikishuka chini ya sita navimba. Ya kwako inaweza kuwa zaidi ao pungufu. Tuliugua pamoja lakini hatutapona sawasawa.

Najua hutaki. Sikia basi kitu ambacho sikukuambia. Wakati ule nilitukana mwanamuke wa bei ya samaki, nilijiona mukubwa. Siku nyingine nilitaka kumupiga mama yangu na bakuli. Mama, Kavuo. Nilishuka, na asubui moja niliamka nikaona aibu, nikajua miye ndiye nimerudi.

Na tena. Unasema ulikuwa nyuma ya mulango. Mule salle, ile siku nilipata habari kusema dada yangu Bénite amekufa kule Oicha, bote bakaja kunisemesha: bamama ba kanisa, tata, munganga. Sikumbuki neno ata moja. Nakumbuka weye ulisukuma kitanda yako mpaka ikagusa yangu, ukalala unaniangalia. Miye nasema siku nzima na sikujua kufanya vile. Huyo ndiye nataka apone.

Shuka, tafadhali. Nijibu.

Hulda


Butembo, le 19 août 2001

Yaya Hulda,

Wabukire. Mbusa anasema mama yako alikuwa na malaria na sasa anasimama tena kwenye meza. Mungu asifiwe. Mwambie tantine anamutumia kabichi mbili na vitunguu, viko mu kikapo cha bluu, asikubali Mbusa aseme ni vya kwake.

Barua zangu za katikati zilikuwa fupi na mbaya, najua. Kushuka kulikuwa kugumu. Kuko siku nilikuchukia, weye na Docta. Mwili ulikuwa muzito, nilikuwa nalia bila sababu, na mu darasa nilinyanyua mukono nikaushusha. Préfet alifikiri nimeomba musamaha. Sikuomba, ni vile tu nilinyamaza, na yeye bado anapita mbali na miye. Usingizi ulirudia. Nililala mu misa, nililala mu géographie, tantine alinifunika kanga na kuniacha. Kila mara niliposhuka kidonge kimoja nilichemsha kachupa na mukono unatetemeka, lakini kwa hofu sasa, si kwa dawa. Safi. Safi tena. Tulifika mpaka vidonge vinne, siku moja nameza, siku moja napumuzika.

Na wiki iliyopita Docta alifika Butembo kuona bagonjwa kwenye kituo ya afya. Nilikwenda na tantine. Nilipimwa kilo, akanikandamiza muguu, hakuna shimo. Kisha akachemsha mukojo mwenyewe. Nilikuwa naangalia kachupa, na nikaona. Haikuwa yai, lakini kulikuwa na ukungu kidogo mule, sawa maji iliyooshewa muchele. Tantine aliona na yeye, akashika rosario. Docta alivuta karatasi, akachukua kalamu, akaanza kuandika. Niliisoma kichwa chini, toka upande wangu: kumi na mbili, kila siku. Turudie mwanzo. Uso, mikono, kutolala, na kushuka tena miezi yote.

Yaya, nilisikia ile kimya yangu inakuja, unaijua. Nikasema:

«Docta, ngoja kwanza.»

Haikutoka na nguvu. Tantine alifikiri ni mutu mwingine mu mulango. Docta akainua macho. Nikamwambia nilikuwa na homa tangu misa ya Dimanche, na kikohozi, na bado koo inauma. Ukungu ulianza na homa, mbele ya homa haukuwako, nilichemsha kila siku. Nikamwambia, kama ni homa inaleta ukungu, homa itaenda nao. Kama ni dawa imepungua, tutaona Samedi. Naomba ningoje mpaka Samedi. Na udongo sikugusa, mbele aulize.

Aliniuliza maswali mingi, nikajibu yote, polepole. Alisikiliza koo, akaangalia mu kinywa na taa. Kisha akakunja ile karatasi akaiweka mu mufuko wa koti yake. Akasema, «Bon. Samedi.» Na akacheka kidogo, akasema mara ya kwanza aliniuliza vibaya, heri safari hii ninamujibu vizuri.

Njiani tantine alihesabu rosario mpaka karibu na nyumba. Kisha akasema: «Basi iko na sauti, huyu.» Kama anayeongea na kuku.

Jana ilikuwa Samedi. Homa imekwisha. Nilichemsha kwenye kituo, mbele ya tantine, mbele ya munganga wa pale, na mbele ya batoto bawili ba jirani ambao hakuna mutu aliwaita. Safi, Hulda. Safi kabisa. Kipimo changu ni vinne, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Weye sita, miye vinne. Tata alijulishwa, nasoma cinquième mu Septemba.

Nilipotoka pale nilifikiri nitaimba, lakini nilikaa tu juu ya jiwe la mulango nikapumua. Na pale ndipo nilihesabu siku na nikagundua kitu. Ile siku nilisema «Docta, ngoja kwanza» ilikuwa siku yangu ya hapana. Sikuwa nimemeza kidonge ata kimoja.

Mudogo wako anayekupenda,
Kavuo Emérence